Mtu Asiyepanda Mizani

Kianjai nzima ilijua kwamba Fundi wa Ndege hapandi mizani. Ulikuwa mzaha wa soko. Hamisi mwenye bucha, ambaye mizani yake ya kuning'inia iko pale pale mlangoni hadi leo, alimwita kila Jumamosi akimwona anapita.

"Fundi! Njoo nikutundike hapa tujue bei yako!"

Fundi alivuka upande wa pili wa barabara, ameshika tumbo lake kwa mikono miwili kana kwamba kuna mtu anataka kumwibia. "Hamisi, pima mbuzi wako. Mimi daktari wa mifugo hajanipiga muhuri."

Watu walicheka, naye pia alicheka. Lakini ukimtazama vizuri ungeona kwamba hapiti karibu na mizani yoyote. Kwenye kinu cha posho alisubiri nje. Kule zahanati wauguzi waliokuja na kuondoka walijifunza kuandika uzito wake kwa kukisia, kwa sababu kubishana naye kulichukua asubuhi nzima. Mama yangu alisema ni aibu ya unene tu. Alikuwa mnene kweli, mnene wa kujaza mlango, ingawa mikono yake ilikuwa midogo na myepesi kama ya mshonaji.

Sijui alizaliwa wapi hasa, wala sikuwahi kumuuliza habari za ukoo wake. Kwa miaka mingi nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwake, nacho kilimhusu baba yangu.

Nikueleze kwa utaratibu, maana bila hili hutaelewa kwa nini nilimwonea mtu huyu wivu tangu nikiwa darasa la nne hadi nikawa mwalimu mwenye wanafunzi wangu mwenyewe.

Miraa ni majani yasiyosubiri. Ikichumwa leo katika vilima vyetu vya Nyambene lazima itafunwe upesi, la sivyo inanyauka na haina mnunuzi. Hufungwa kwa majani ya ndizi, ikatiwa magunia, ikakimbizwa Nairobi kwa gari, kisha ikapanda ndege kwenda kaskazini ng'ambo ya mpaka. Baba yangu alikuwa mpanga mizigo katika ndege moja ya namna hiyo, ndege kuukuu ya injini mbili. Kazi yake ilikuwa kuamua gunia gani likae wapi, na kusafiri nayo ili asimamie upakuaji kule. Fundi alikuwa fundi wa ndege hiyo hiyo, naye pia alisafiri nayo, kwa sababu kule ilikotua hapakuwa na mtu wa kuitengeneza ikiharibika. Wote wawili waliishi Kianjai. Walikuwa marafiki wa kugombana kila siku.

Asubuhi moja ndege ilipaa na baba yangu bila Fundi. Mbali huko kaskazini, juu ya nchi kavu, bawa moja lilikatika. Wachungaji wa ngamia waliliona likianguka peke yake, na baadaye likaokotwa mbali na mabaki mengine. Hakutoka mtu hai.

Sasa ndipo neno lilipoanza. Wafanyabiashara wa soko letu walikuwa na tabia moja ambayo nadhani huwezi kuikuta mahali pengine. Walipima magunia yakiwa makavu wakati wa kufunga, kisha njiani, gari likisimama, wakayamwagia maji ili majani yasinyauke. Kwa hiyo gunia lililoandikwa uzito mmoja lilifika uwanja wa ndege na uzito mwingine. Kila mtu alijua. Hakuna aliyesema, kwa sababu kila mtu alimwaga. Lakini ndege ilipoanguka, wale wale waliomwaga maji ndio waliosema, "Mpanga mizigo aliijaza ndege. Hakushusha hata gunia moja." Na ilikuwa kweli kwamba hakuna gunia lililobaki. Yote yalikwenda. Mtu mmoja alilisema matangani kwetu, karibu na sufuria za chakula, mama akiwa amesimama na upawa mkononi. Tangu siku hiyo mama hapiti katikati ya soko. Hupita njia ya nyuma, kwenye mabanda ya mbao, na ukimuuliza atakuambia ni njia fupi. Si fupi.

Hilo ndilo nililotaka kujua. Je, baba yangu aliijaza ndege ile?

*

Fundi ndiye aliyenionyesha jinsi chuma kinavyochoka. Alichukua waya wa kutundikia nguo, akaukunja na kuukunjua, akaukunja na kuukunjua. "Unaona? Haujavunjika. Ni mzima. Lakini unahesabu." Akaendelea hadi ukakatika mkononi mwake bila nguvu yoyote. Nilishtuka. "Siku ile unakatika," alisema, "si ati siku hiyo ndiyo mbaya. Ni zile siku zote za nyuma."

Siku hizi mimi ni mwalimu wa sayansi hapa Embu, nakaa mtaa wa Dallas, na kila mwaka nawapa wanafunzi wangu waya uleule. Huwa nawaambia wasiogope kuurudia. Anayeukunja taratibu akiutazama ndiye atakayeona mahali pale panapoanza kung'aa kabla ya kukatika. Na kila mara mtoto mmoja akisema "Alaa!" nafurahi, kisha nakumbuka kwamba hata hilo nilipewa na Fundi, na furaha inapungua kidogo.

Alikuwa na keekee ndogo ya mkono aliyoipenda kuliko chombo kingine chochote. Mahali popote alipoona ufa, alitoboa tundu dogo mwishoni mwake. Nieleze sababu, kwani watu wengi walidhani ni wazimu. Ufa una ncha kali, na nguvu yote inayovuta kile chuma hukusanyika kwenye ncha hiyo, ndiyo maana ufa huendelea kutembea. Ukitoboa tundu la mviringo pale ulipofikia, ncha haipo tena. Nguvu inazunguka tundu na kutawanyika. Ufa unabaki, lakini unasimama. Si dawa ya kudumu, ila inakupa muda wa kufanya matengenezo ya kweli.

Basi nyumbani kwetu karai la plastiki lilikuwa na tundu mwisho wa ufa, na madigadi za pikipiki za vijana wa stendi vilevile. Hata mlango wa mabati wa zizi letu ulikuwa na matundu matatu yaliyopangana kama vifungo vya shati. Mama alilalamika, "Fundi, karai sasa linavuja."

"Lilikuwa linavuja, Mama Kanana. Sasa linavuja mahali pamoja."

Na bado mtu huyo aliyewafokea waendesha boda kwa tairi zilizokwisha alikuwa na baiskeli ambayo fremu yake ilishikwa na mipira ya kufungia mizigo. Ukimwambia, anajibu kwamba anaijua. "Mimi na yeye tunaelewana. Haiwezi kunifanyia hivyo." Nilipokuwa msichana nilidhani anatania. Baadaye niligundua kwamba hakuwahi kuitengeneza kwa sababu fundi wa baiskeli angelazimika kumuuliza inabeba uzito gani.

Aliichukia miraa. Aliiita "nyasi zenye bei." Maji yake, aliniambia, yalivuja kutoka kwenye magunia, yakapenya chini ya sakafu ya ndege na kula vyuma mahali ambapo jicho halifiki. "Baba yako alikuwa analisha ndege yangu maji kila siku, mimi nafuta, yeye analeta." Alisema hivyo akitafuna, Ijumaa jioni, na fungu la miraa limefichwa ndani ya kofia yake.

Ndege yangu. Hivyo ndivyo alivyosema. Na baba yangu, katika mdomo wake, naye alikuwa wake.

*

Hapa ndipo penye wivu, na sitaupamba.

Mama alimpa kiti cha baba. Hakumpa rasmi, ni kwamba kilikuwa kiti pekee kilichoweza kumbeba. Kila Jumapili baada ya kanisa alikaa pale, akala mukimo, akamwita baba yangu kwa jina la utani ambalo mimi sikuwa nimewahi kulisikia, kana kwamba yuko nje anafunga ng'ombe. Alijua wimbo ambao baba aliupiga mluzi akipanga magunia. Aliwahi kulala naye sakafuni katika ghala la ng'ambo, wakati ndege ilipokosa mafuta. Aliona baba akiogopa, akilewa, akilia kwa habari ya kuzaliwa kwangu. Mimi nilikuwa na picha moja ukutani na harufu ya koti.

Alinigawia baba yangu kama mtu anavyompa ndama chumvi, kidogo kwenye kiganja, kisha anafumba mkono.

"Baba yako alikuwa akiinua gunia hivi, kwa mkono mmoja chini, anafumba macho. Halafu anakuambia uzito wake."

"Alikuwa sahihi?"

"Mara nyingi kuliko mizani."

"Na siku ile, Fundi? Aliinua siku ile?"

"Mwari, chai iko?"

Mwari ni binti, kwa Kimeru chetu. Aliniita hivyo, si Kanana, hadi mwisho. Kila nilipofika karibu na siku ile, chai iliisha, au mvua ilikuwa inakuja, au alikumbuka kuna mtu anamngoja sokoni. Alikuwa na sentensi moja tu kuhusu siku ile, nayo niliijua kama sala: "Mimi sikuwa zamu. Na ilikuwa chuma, haikuwa mzigo."

Lakini alijuaje haikuwa mzigo, kama hakuwepo?

Nilipokua na kusoma, swali likawa gumu zaidi. Ndege iliyojazwa au iliyopangwa vibaya kwa kawaida hujionyesha mapema. Weka rula juu ya kidole kimoja, uiweke sarafu upande wa nyuma, utaona pua inainuka na rula inaanguka papo hapo. Ndege ambayo mzigo wake umetelezea nyuma hufanya hivyohivyo, inapopaa tu. Ile ya baba ilipaa vizuri, ikaruka mbali. Hilo lilinipa moyo. Lakini nilijua pia kwamba chuma kilichochoka kikibebeshwa kupita kiasi hata siku moja kinaweza kumaliza hesabu yake siku hiyo. Kwa hiyo "ilikuwa chuma" halikuwa jibu. Chuma kingeweza kuwa na makosa, na baba yangu pia.

Lilinikera zaidi kwamba hakuruhusu mtu mwingine asimulie. Kwenye matanga ya jirani mmoja, mwalimu mkuu mstaafu alianza kueleza habari za ndege ya miraa. Fundi alisimama kutoka benchi la nyuma, na benchi lote likainuka naye.

"Ulikuwepo?"

"Hapana, lakini nilisoma..."

"Basi kaa."

Mwalimu mkuu akakaa. Nilimpenda Fundi kwa dakika moja nzima. Kisha aliposimulia yeye, huku mikono yake midogo ikipaa na kutua, watu wote wakimtazama kama mfiwa, nilimwonea wivu hadi nikatoka nje. Mimi ndiye niliyefiwa. Wakati mwingine, nikiwa mwalimu mpya, niliwasimulia wanafunzi wangu kisa hicho. Habari zilimfikia, Embu na Kianjai si mbali kwa mdomo. Jumapili iliyofuata alikaa kwenye kiti cha baba akamwambia mama, mimi nikiwa hapo hapo, "Nasikia siku hizi tuna wataalamu wa ndege." Hakuniita mwari hadi msimu wa mvua ulipoanza.

Ilinichukua muda kugundua kwamba yeye pia alikuwa na wivu. Siku moja nilimkuta peke yake sebuleni, mama ameenda kukamua. Alikuwa amesimama mbele ya picha ya baba.

"Wewe huzeeki," alikuwa akiiambia. "Mimi meno yameisha. Wewe unakaa tu hapo, shati safi."

Aliponiona hakuona haya. "Baba yako alikuwa mtu wa kupendwa," alisema. "Mimi nilikuwa mtu wa kuitwa kitu kikiharibika. Hata sasa. Mama yako akiniita ni karai."

Nilitaka kucheka na sikuweza. Nilikuwa nadhani yeye ndiye mwenye baba yangu wote. Sikufikiri kwamba mtu anaweza kumiliki kumbukumbu zote hizo na bado akamwonea wivu yule anayekumbukwa.

Jambo moja zaidi kumhusu. Ndege yoyote ikipita juu, alinyamaza. Hata katikati ya sala kanisani, padri akiwa ameinua mikono, Fundi aliinua kichwa na kusikiliza hadi mlio uishe. Hakupanda ndege tena maishani mwake. Alipoulizwa kwa nini, alijibu, "Nilishuka." Watu walidhani anamaanisha amestaafu.

*

Uzee ulimpeleka Runyenjes, kwa binti yake aliyeolewa huko kwenye kahawa na chai. Kutoka kwangu Dallas ni mwendo mfupi, kwa hiyo ilikuwa mimi, si mama, niliyemtembelea. Kila nilipokwenda nilimkuta amepungua. Tumbo lile lililojaza milango lilikuwa limeondoka, na ngozi ilining'inia kama koti la mtu mwingine. Mikono tu ndiyo ilikuwa ileile.

Likizo ya Agosti binti yake alinipigia simu. Walikuwa wanachuma, hakuna mtu wa kumpeleka Fundi kwenye kituo cha afya. Nikaenda. Tuliketi kwenye foleni, kwenye benchi la mbao uani, yeye na fimbo yake, mimi na kadi yake. Kando yetu alikaa mama mmoja kijana mwenye mtoto mgongoni.

"Guka," alimwambia Fundi, kama Waembu wanavyomwita babu, "si wewe ndiye ule mzee wa ndege? Hebu tuambie ile ya miraa. Foleni ni ndefu."

Nilijiandaa. Niliangalia pembeni, kama nilivyofanya siku zote alipoanza.

"Ndege ilikuwa ya baba yake huyu," alisema Fundi, akinielekezea fimbo. "Muulize yeye."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Mimi?"

"Si wewe ni mwalimu? Fundisha. Mimi nimechoka, pumzi ni kidogo."

Basi nikasimulia. Mwanzoni sauti yangu ilikuwa ya darasani, kisha ikawa yangu. Nilimweleza yule mama habari za majani yasiyosubiri, maji juu ya magunia, baba akiinua gunia amefumba macho. Nilimweleza waya wa kutundikia nguo. Mtoto mgongoni mwake aliamka akanitazama. Fundi hakunikatiza hata mara moja, na kadiri alivyonyamaza ndivyo nilivyoogopa, maana nilikuwa nimezoea kumpokonya kila neno, na sasa ananiachia tu. Nikafika asubuhi ile.

"Baba akapaa na rubani. Huyu guka hakuwa zamu."

Fimbo ikagonga chini.

"Hapo umekosea," alisema. "Nilikuwa zamu."

"Fundi, wewe mwenyewe ulisema..."

"Mimi ndiye nilikufundisha hayo makosa. Nilikuwa zamu. Nilikuwa ndani. Nimekaa, nimeshika begi langu."

Yule mama akamgeukia. Mimi pia.

"Magunia yalikuja yanatiririka maji," alisema Fundi. "Baba yako akaanza kuyainua. Gunia kwa gunia, mkono chini, macho amefumba. Akasema ndege ni nzito, haiwezi. Mwenye ndege akasema hakuna gunia linashuka, yote yana wenyewe na wameshalipa. Wakagombana hapo. Baba yako akasema, sawa, magunia ni yenu, hayo mengine ni ya kwangu kupanga. Akatoa tairi la akiba. Akatoa sanduku langu la vyombo, lile la chuma. Akasimama mlangoni, akafumba macho tena, unajua vile alikuwa anafanya. Halafu akaniangalia."

Alikohoa.

"Akaniambia, 'Fundi, wewe peke yako ni magunia mawili. Shuka.'"

Yule mama alitaka kucheka, akajizuia kwa kiganja.

"Cheka tu," Fundi alimwambia. "Wapakiaji walicheka. Uwanja mzima kule Nairobi ulicheka. Nilishuka na begi langu, na baba yake huyu akasema, 'Sasa iko sawa.' Hayo tu. Sasa iko sawa. Mimi nikamwambia, 'Basi nenda na magunia yako, ndio marafiki zako.' Sikumuaga. Nilimpa mgongo. Nilisikia tu injini."

Nilitambua wakati huo kwamba nilikuwa nimeikunja kadi yake ya kliniki ikawa ndogo kama tiketi. Nilikuwa nimepata jibu. Hakuna gunia lililoshuka, na kwa hiyo Kianjai nzima ilisema hakupunguza kitu; kumbe alipunguza kila kilichokuwa chini ya uwezo wake, hata rafiki yake. Ndege ilipaa ikiwa na uzito wake halali. Na badala ya furaha nilipandwa na hasira.

"Mama yangu anapita nyuma ya soko hadi leo," nilisema. "Kwenye mabanda ya mbao."

"Najua, mwari. Nimemsindikiza njia hiyo mara ngapi."

"Na hukusema!"

"Ningesema nini? Ati niko hai kwa sababu ya tumbo? Unaijua Kianjai. Wangeniita Gunia hadi kaburini. Watoto wangu wangeitwa watoto wa Gunia." Akaitazama mikono yake. "Nilifikiri nitasema mwaka ujao. Halafu mwaka ujao. Na baba yako pale ukutani, shati safi. Alikufa akiwa sahihi. Mimi nilibaki nikiwa mzito. Kila mtu aliyemsema vibaya, mimi nilimnyamazisha. Nilimnyamazisha au sikumnyamazisha?"

"Uliwanyamazisha."

"Lakini hiyo moja sikuweza kuisema."

Nilikunjua kadi juu ya goti langu, nikailainisha kwa kiganja taratibu, mara nyingi, na alama za mikunjo zilibaki. Nilifikiria njia ya kumwambia mama. Nilifikiria nikitembea naye Jumamosi, katikati ya soko, mbele ya bucha ya Hamisi, na nilijua nitafanya hivyo wiki hiyo hiyo. Nilimtazama Fundi, nikaona mtu aliyebeba sentensi moja ya baba yangu kwa miaka yote hiyo kwa sababu ilimdhalilisha, na bado hakuisahau hata neno.

"Ulisema alifumba macho," nilimuuliza. "Kabla ya kukuangalia."

"Alifumba."

"Hakukuinua?"

Akatabasamu, kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Hakuhitaji. Alinijua."

Muuguzi aliita jina lake. Alikuwa kijana mchangamfu, anaharakisha. "Mzee wangu, karibu, vua viatu, panda hapa kwa mizani."

Nikafungua mdomo, kama nilivyowaona wengine wakifanya maisha yangu yote, kumwambia kwamba huyu mzee hapandi, andika tu kwa kukisia.

"Dawa hii inaenda na uzito," muuguzi alisema. "Siwezi kukisia."

Fundi alinipa fimbo yake. Akavua viatu, kimoja, kisha kingine, akaweka mkono begani kwangu. Mkono ulikuwa mwepesi mno. Akapanda. Akasimama wima, akitazama mbele, kama abiria.

"Soma, mwari."

Niliinama nikasoma. Nilimwambia namba.

Akaitafakari kidogo. Kisha akaanza kucheka, kicheko chake cha zamani cha sokoni, ila sasa hakikuwa na tumbo la kukitikisa.

"Umesikia?" aliniambia. "Leo angeniacha nipande."

Nilimshika mkono ili ashuke. Nilimshika kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na nilimwonea wivu bado, kwa sababu nilijua ni kweli, na kwamba hata kule alikokuwa anaelekea, atamwona baba yangu kabla yangu.